Dawa ya Manjano

Treni ya kutoka Tabora ilisimama kituo cha Fela usiku kucha bila mtu kueleza kwa nini, kwa hiyo mgeni aliingia Mwanza alfajiri badala ya jioni, hamjui mtu, begi limelowa mvua. Kitu cha kwanza alichokiona kulipopambazuka ni mawe: mawe makubwa kuliko nyumba, yamepandana juu ya vilima kana kwamba aliyekuwa akiyapanga aliitwa kula kabla hajamaliza. Dereva wa teksi alimpeleka kwenye klabu moja kongwe kando ya ziwa, iliyokuwa ikipangisha vyumba viwili nyuma ya baa. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1994.

Mlinzi alikuwa bado anatafuta ufunguo mgeni alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miji yote aliyopita. Mwanamume wa makamo, miguu peku, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa akiburuta kamba ndefu ya katani juu ya kiwanja cha majani. Ncha ya pili ya kamba ilifungwa kwenye kigingi. Alizunguka polepole, kamba ikilamba majani, na kila ilipopita umande uliruka, majani yaliyokuwa meupe yakawa kijani.

"Yule anafanya nini?"

"Anayaamsha," mlinzi alijibu, wala hakucheka.

Mgeni alikaa klabuni hapo wiki sita, na mengi ya yafuatayo yalisemwa kwenye ngazi ya stoo, jioni, na mwenye kamba mwenyewe.

Jina lake Malimi, Msukuma wa Bujora, umri miaka hamsini na mitatu. Kiwanja kile, mraba wa hatua arobaini kwa arobaini, kilitengenezwa na Waingereza kwa mchezo wao wa kuviringisha matufe meusi. Walipoondoka, wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa serikali waliendelea kuviringisha. Tufe haliendi sawa juu ya majani yenye kovu, na kazi ya Malimi kwa miaka ishirini na sita ilikuwa ni hiyo tu: ukoka usiwe na kovu.

Ukoka ukikatwa mfupi, kisha ukalala umelowa, hushikwa na ukungu. Si ukungu ule unaotanda ziwani asubuhi, ingawa Kiswahili kimeviita kwa jina moja, na Malimi aliamini Kiswahili hakikukosea: ukungu wa juu ndio mama wa ukungu wa chini. Alizijua sura zake mbili. Moja aliiita Shilingi, madoa makavu yenye rangi ya majani ya mahindi yaliyovunwa, kila doa sawasawa na sarafu, na asubuhi na mapema utaona utando mwembamba juu yake kama wa buibui. Nyingine aliiita Pete, duara pana la kahawia lenye ukingo wa rangi ya moshi, linalokua kila siku kwa upana wa kidole. Shilingi husumbua. Pete huua.

Kwa hiyo alikuwa na sheria zake. Umande uondolewe kabla ya jua. Maji yamwagwe asubuhi, kamwe si jioni. Kisu cha mashine ya kukatia kinolewe kila wiki, maana jani lililochanwa ni mlango wazi. Na kila baada ya wiki mbili, bomba mgongoni, kitambaa puani, kunyunyizia dawa ya manjano.

Ndivyo ilivyoitwa na kila mtu klabuni, kwa rangi yake: unga laini wa manjano wenye harufu ya mayai viza, unakorogwa katika maji na kupuliziwa juu ya majani. Aliyemfundisha kuitumia ni Nestory.

Nestory alikuwa bwana shamba wa serikali, mwenye baiskeli, kofia na shahada ya chuo. Tena alikuwa mtoto wa mjomba wake Malimi, yaani binamu, yaani mtani. Tangu utotoni hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine. Nestory alikuwa akiingia getini kwa kelele.

"Msukuma gani wewe! Una malisho mazuri hivi na hakuna ng'ombe hata mmoja!"

"Fungeni milango," Malimi angejibu huku akiendelea kukata majani. "Mwizi amefika. Hesabuni vijiko."

"Bado hujafa? Nilishaanza kufanya mazoezi ya kulia."

"Nikifa nani atakuficha polisi wakija?"

Wanachama waliokuwa wakinywa chai barazani walizoea kuweka vikombe chini ili wasikilize. Miaka kumi na tano Malimi alimwita Nestory mwizi mbele ya klabu nzima, na klabu nzima ilicheka.

Nyuma ya utani huo kulikuwa na mafunzo. Nestory ndiye aliyepiga magoti juu ya kiwanja mwaka wa sabini na tisa, akafunua jani na kumwonyesha binamu yake utando kwa kioo cha kukuzia. Nestory ndiye aliyemwambia kwamba wakati wa masika mvua huosha dawa kwenye majani, kwa hiyo akwangue sabuni kidogo katika maji ya moto, achanganye, dawa ipate kunata. Malimi hakuwahi kulisahau hilo. Kiangazi alipulizia dawa tupu. Masika aliweka sabuni.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Zamani kopo la dawa lilipatikana kwa barua, mhuri na kusubiri meli. Sasa kila kitu kilikuwa madukani, na wafanyakazi wa serikali wakawa wengi mno machoni pa serikali. Nestory alipunguzwa kazi. Akafungua duka la pembejeo Mkuyuni, mbegu, mbolea na dawa, akaning'iniza kofia yake ya ubwana shamba ukutani nyuma ya kaunta. Malimi alifurahi kwa dhati. Kuanzia Januari ya mwaka aliofika mgeni hakununua dawa mahali pengine.

Na kuanzia Januari ile kiwanja kikaanza kuugua.

Kwanza Shilingi, kumi, ishirini, kisha hazihesabiki. Mwishoni mwa Februari Pete ya kwanza ikatokea upande wa ziwa. Malimi aliamka mapema zaidi. Alinoa kisu mara mbili kwa wiki. Alipunguza mbolea, alipunguza maji, alipulizia kila siku ya kumi badala ya kila wiki mbili. Mwezi Machi Pete zikawa saba.

Wakati mbaya kuliko wote, maana kulikuwa na macho mengine juu ya kiwanja. Mji ulikuwa umejaa viwanda vya minofu ya sangara, na mwenye kimoja kipya alihitaji mahali pa kuegesha malori yake ya barafu. Paa la klabu lilivuja, wanachama walipungua, naye aliahidi paa jipya. Mwenyekiti, Bwana Mihir, muuza vitambaa aliyecheza matufe pale tangu ujana wake, alikuja hadi stoo kumwambia Malimi mwenyewe.

"Kamati inakaa Jumapili ya pili ya Mei, Mzee Malimi. Kiwanja kikiwa hai, mimi nitakitetea na watanisikiliza. Kikiwa kimekufa nitetee nini? Vumbi?"

"Kitakuwa hai, Bwana Mwenyekiti."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na dawa.

Mvua kubwa zilichelewa mwaka ule. Zilipokolea, katikati ya Aprili, siku chache baada ya mgeni kufika, Malimi alifanya kama afanyavyo kila masika. Alichota dawa ya manjano kwenye ndoo ya maji, akakoroga. Akakwangua sabuni ya mche ndani ya maji ya moto, akamimina.

Ndoo ikageuka nyekundu. Nyekundu iliyokolea, kama maji ya kuoshea machinjio.

Alirudi nyuma hatua mbili. Alidhani ni ndoo chafu. Akaosha ndoo nyingine, akakoroga upya, akamimina sabuni. Nyekundu. Mkewe, Odeta, alikuwa akianua nguo uani kabla mvua haijarudi. Alimwona amesimama ameshika kijiti, ameduwaa.

"Baba Kija, umechinja nini?"

"Njoo uone. Dawa imeharibika."

Odeta aliweka nguo begani, akainama, akanusa. Kabla hajaolewa alifanya kazi miaka sita katika nyumba ya Mama Nirmala, kupika na kufua. Alichukua unga mkavu kidogo kutoka kwenye kopo, akausugua kati ya vidole, akatazama vidole vyake kwa muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji ya sabuni na kijiko cha kiungo chake cha mchuzi. Akakitia, akakoroga. Kikombe kikawa nyekundu ileile.

"Vitambaa vya meza vya Mama Nirmala," alisema. "Doa la mchuzi ni la manjano mpaka uliguse kwa sabuni, hapo linageuka damu. Siku ya kwanza nililia, nikadhani nimeharibu kitambaa cha watu. Baba Kija, hii si dawa ya manjano. Hii ni manjano."

Malimi alikaa chini. Aliiacha ndoo itulie hadi jioni, akamwaga maji ya juu, akagusa kilichobaki chini. Kilikuwa kinanata, kizito. Unga wa muhogo. Kulikuwa na dawa ya kweli kidogo sana, ya kuleta harufu tu. Miezi mitatu alikuwa akiamka gizani, akifunga kitambaa puani, akitembea kiwanja kizima hatua kwa hatua, akiulisha ukungu uji.

Hakulala vizuri. Asubuhi alibeba kopo, akaenda Mkuyuni kwa miguu.

"Huyoo!" Nestory alipiga kelele toka mbali. "Mchungaji wa majani! Leo umeyafungia wapi, yasije yakakimbia?"

Malimi aliweka kopo juu ya kaunta. Hakumwita mwizi. Alisema tu, "Nimetia sabuni."

Nestory alilitazama kopo, akamtazama binamu yake. Akaenda mlangoni, akarudisha bawa moja la mlango. Aliporudi alikuwa amepungua, kama mtu aliyevua koti.

"Dawa ya kweli haifiki hapa kwa bei ya mtu wa kawaida," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaonunua kwangu ni watu wa nyanya, watu wa bustani. Nikiwauzia ya kweli hawainunui. Nikichanganya wananunua, na ikishindwa kazi wanalaumu mvua."

"Mimi si mtu wa nyanya. Mimi ni Malimi."

"Ndiyo maana nilidhani haitakuumiza! Wao nyanya zao wanakula, wanasomesha watoto. Wewe una nyasi. Nyasi, Malimi! Hata ng'ombe hazimpiti kooni, mnamfukuza."

Malimi alimweleza habari za kamati, za malori ya barafu, za chumba kimoja nyuma ya klabu alimozaliwa Kija. Nestory alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga goti moja, akatoa kopo lililofungwa kutoka uvunguni mwa kaunta.

"Hili ni la kweli, la mwisho. Lichukue. Na Jumapili hiyo nitakuja mwenyewe. Wananijua, wataniamini. Nitawaambia dawa ya miezi ile ilikuwa mbovu, waongeze miezi miwili. Miezi miwili inakutosha?"

"Inanitosha."

"Basi. Uso wangu huu, unacheka?"

Haukucheka. Malimi hakuwahi kudanganywa na uso ule ulipokuwa haucheki. Alirudi nyumbani na makopo yote mawili, akiwa na hasira, lakini hasira ya ndugu, ile inayojua kwamba itaisha.

Kopo la kweli lilifanya kazi. Wiki ya kwanza Pete ziliacha kukua. Wiki ya tatu, Malimi alimvuta mgeni kwa mkono, akamfanya alale kifudifudi kama yeye, mashavu ardhini, wote wawili watu wazima. Katikati ya duara la kahawia kulikuwa na vijitawi vitatu vya kijani, vyembamba kama uzi.

"Unaviona?"

"Naviona."

"Miezi miwili tu," Malimi alisema.

Jumapili ya pili ya Mei kamati ilikaa barazani, watu tisa, chai mezani. Nestory alikuja amevaa suti yake ya enzi za serikali. Malimi aliitwa asimame kando ya ngazi, amebeba ndoo zake mbili za maji, kopo la zamani, na kipande cha sabuni mfukoni, maana alitaka kuonyesha. Bwana Mihir alimkaribisha Nestory kama mtaalamu.

Nestory aliwatazama wale tisa mmoja mmoja. Wanne kati yao walikuwa na mashamba, na walinunua pembejeo kwake.

"Kiwanja hiki nakijua," alianza. "Ugonjwa ni wa ukungu, na dawa yake ipo na ni nzuri. Tatizo ni matumizi. Mwenzetu alichanganya dawa na sabuni. Sabuni ya kufulia ni kali, inaivunja dawa nguvu. Unapulizia povu."

Malimi alidhani hakusikia vizuri.

"Nani alinifundisha kutia sabuni?" aliuliza.

"Nani?" Nestory aliwauliza waliokaa barazani, amefungua mikono.

"Wewe! Mwaka wa sabini na tisa, palepale!"

Watu wakaanza kutabasamu. Vikombe vikawekwa chini. Malimi alikoroga unga wa kopo la zamani ndani ya ndoo, akatia sabuni, maji yakageuka nyekundu mbele yao.

"Hii ni manjano ya mchuzi na unga wa muhogo! Ameniuzia huyu, na mwenyewe alikubali dukani kwake! Huyu ni mwizi!"

Baraza zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama walivyocheka miaka kumi na tano, kwa kumpenda, mzee mmoja akapiga meza kwa kiganja. Nestory naye alicheka, nyuma kidogo ya wengine.

"Mnamwona binamu yangu," alisema. "Hata siku ya leo."

"Sitanii!" Malimi alipaza sauti. "Jamani, leo sitanii!"

Hilo likawachekesha zaidi, kwa kuwa ndivyo watani wasemavyo. Bwana Mihir peke yake hakucheka sana. Alishuka ngazi, akaitazama ndoo, akauliza taratibu, "Mzee Malimi, ni kweli ulitia sabuni?"

"Ni kweli, lakini..."

"Basi," mwenyekiti alisema, akarudi kukaa, na alionekana mtu aliyeumia. Kura hazikuchukua muda mrefu kuliko chai.

Jioni Nestory alimfuata stoo. Alisimama mlangoni bila kuingia, suti imelowa mabegani.

"Ningesema nini mbele ya watu wale? Nikisema kopo moja bovu, kesho kila mmoja analeta kopo lake. Nina watoto wanne, Malimi."

Malimi alikuwa akifuta kisu cha mashine kwa mafuta, ingawa hakukuwa tena na cha kukata. Aliweka kitambaa chini, akasimama wima kama anayempokea mkubwa wa kazi.

"Karibu, Bwana Nestory. Habari za nyumbani?"

"Acha hivyo."

"Mama watoto hajambo?"

"Malimi, nitukane. Niite mwizi."

"Watoto nao hawajambo? Namshukuru Mungu. Asante kwa kuja kutuona."

Nestory alingoja. Alijaribu mwenyewe, akasema jambo fulani juu ya mchungaji na majani, akalikatisha katikati. Akaondoka mvuani.

Siku ya kumi greda ilikuja. Malimi hakuitazama. Odeta alikuwa na kaka yake kisiwani Ukerewe, karibu na Nansio, mwenye shamba la michungwa na nafasi ya nyumba, na hapo ndipo walipoamua kwenda. Mgeni aliwasaidia kubeba vyombo hadi gatini: godoro, masufuria, mashine ya kushonea ya Odeta, sanduku la bati. Alijaribu kusema jambo la kufariji kuhusu michungwa.

"Michungwa nayo ina ukungu wake," Malimi alimwambia. "Lakini huko nitauliza mtu mwingine."

Kengele ya meli ililia. Malimi alimshika mgeni mkono kwa mikono miwili, akapanda nyuma ya mkewe, na umati wa watu wenye magunia na kuku ukamfunika. Kamba zilifunguliwa. Meli ikasogea, ikapita kati ya mawe, ikaelekea kaskazini.

Mgeni alikuwa bado amesimama gatini alipohisi mtu kando yake. Nestory alikuwa anahema, amekuja mbio, viatu vimejaa tope.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu."

"Hata tusi?"

"Hata tusi," mgeni alijibu.

Nestory alitikisa kichwa mara kadhaa. Akakaa juu ya gunia la mtu, uso kuelekea majini, na mwenye gunia alipokuja kumwondoa hakumsikia.